Ukuta wa Matofali Uliotoa Tumbo: Kuupima, Kuushona na Kuujenga Upya

Maswali ni yale yale. Ukuta wa nje umetoa tumbo, niusukume kwa jeki urudi? Nikipiga lipu nene si utanyooka? Au nibomoe upande mzima? Majibu mafupi ni hapana, hapana, na mara nyingi hapana. Mwongozo huu ndio jibu refu, kwa mwenye jengo la zamani la matofali ya kuchoma na kwa fundi ambaye amezoea kujenga kuta mpya lakini hajawahi kutibu kuukuu.

Tunazungumzia kuta nene zilizojengwa kwa mota ya chokaa, kwa kawaida tofali moja au moja na nusu kwa unene, ukihesabu kwa urefu wa tofali. Ukuta wa kuzuia udongo wa kilima una hesabu zake nyingine kabisa, usiutumie mwongozo huu kwa huo.

Tumbo linatoka wapi

Nadharia ni kidogo tu. Ukuta wa zamani wa tofali moja una safu mbili, ya nje na ya ndani, zimesimama zikigusana. Kinachozishika pamoja ni matofali yaliyolazwa kichwa nje, yakipita kutoka safu moja hadi nyingine. Waashi wengi wa zamani walikuwa wabahili: matofali mazuri yaliwekwa mbele, ya hovyo nyuma, na vile vichwa vinavyoonekana nje vingine ni nusu tofali lililokatwa, havifiki popote. Safu ya nje ya ukuta kama huo imeshikwa na mota peke yake. Maji yakiingia na kuilainisha mota, safu ya nje inajitenga na kufura kuelekea uani huku ya ndani imetulia wima kabisa. Katika kuta nene zaidi, katikati hujazwa vifusi, navyo vikishuka vinasukuma kwa pembeni.

Kuna tumbo la aina ya pili, ambapo ukuta mzima umehama, nje na ndani pamoja. Hapo chanzo huwa ni kitu kinachousukuma au kitu kilichoacha kuushika: kenchi za paa ambazo mtu amezikata mbao ya chini ili apate nafasi, kwa hiyo miguu yake inapanuka na kusukuma kichwa cha ukuta, boriti za ghorofa zinazokwenda sambamba na ukuta bila kuugusa, hivyo ukuta umesimama ghorofa mbili au tatu bila mtu wa kuushika mkono, mbao zilizofichwa ndani ya ukuta ambazo zimeoza, au chuma kinachoshika kutu. Kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichoizaa, na ina nguvu ya kuinua matofali.

Kazi yote inategemea kujua tumbo lako ni lipi kati ya hayo mawili. Watu huliruka swali hili, ndiyo maana wanatengeneza ukuta huo huo mara mbili.

Usichofanya mwenyewe

Ita mhandisi wa miundo kabla ya kugusa chochote ikiwa tumbo liko juu ya ghorofa ya chini, liko chini ya boriti au linta inayobeba mzigo, linafika kwenye kona ya jengo, au nyufa zake zinaongezeka ukiziangalia. Ukisikia ukuta unatoa vumbi au vipande vidogo vinadondoka bila mtu kugusa, ondoa watu ndani na nje, zungushia kamba, kisha piga simu. Jengo likiwa limeorodheshwa kama la urithi, kibali hutafutwa kabla ya jukwaa kusimama. Ukuta wa kupakana na jirani nao una mwenye nao wa pili. Zungumza naye mapema.

Kilichobaki, yaani kupima, kukausha, kushona eneo dogo (kufunga safu ya nje kwenye ya ndani kwa vyuma) na kujenga upya kiraka cha safu ya nje, fundi mwashi makini anakiweza.

Vitu vya kuwa navyo

Vya kupimia: timazi yenye uzi mrefu kuliko ukuta, pima maji ndefu, futi ya chuma, daftari, kamera ya simu. Vya usalama: kofia ngumu, miwani, glovu, viatu vya chuma mbele, na barakoa ya kuchuja vumbi laini. Vumbi la matofali na mchanga lina silika inayoharibu mapafu, na kitambaa cha kufunga puani hakizuii kitu. Chokaa nayo inachoma macho na ngozi. Weka ndoo ya maji safi karibu.

Vya kazi: jukwaa imara (ngazi haifai, utahitaji mikono yote miwili), jeki za chuma na mbao nene za kuegemeza, tindo pana na nyembamba, nyundo ya ratili mbili, mwiko mkubwa na mwiko mwembamba wa kujazia viungo, brashi ngumu isiyo ya waya, drili, pampu ya kupulizia vumbi, magunia ya katani, turubai na pampu ya mkono ya kunyunyizia maji.

Vifaa vya kudumu: vyuma vya kushonea visivyoshika kutu, vile vilivyosokotwa vyenye kipenyo cha milimita 6 hadi 8, rezini ya kubandikia vyuma kama utaihitaji, chokaa inayoganda kwa maji, mchanga wa mto uliooshwa wenye chembe kubwa na ndogo zilizochanganyika, na matofali ya kuziba yale yatakayovunjika. Tafuta matofali ya zamani yenye ukubwa na ulaini ule ule. Usitumie mchanga wa pwani. Chumvi yake itakutesa miaka.

Sehemu ya kwanza: kupima na kuamua

1. Chora umbo la tumbo. Juu ya ukuta, pigilia kipande cha mbao kinachotokeza sentimita 10 na utundike timazi hapo. Uzi ukitulia (chovya bilidi, yaani kile kizito cha timazi, kwenye ndoo ya maji kama kuna upepo), pima kutoka uzi hadi ukuta kila sentimita 30 kuanzia juu hadi chini. Andika. Sogea mita moja pembeni, rudia. Ukimaliza una ramani inayoonyesha tumbo linaanzia wapi, kilele chake kiko wapi na linaishia wapi. Jicho hudanganya sana hapa, hasa kama madirisha yamepinda.

2. Pima ndani pia, mistari ile ile. Hiki ndicho kipimo chenye thamani kuliko vyote. Nje kumefura na ndani kumenyooka: safu ya nje imejitenga. Nje kumetokeza na ndani kumebonyea kwa kiasi kile kile: ukuta mzima umehama. Kama ndani kuna lipu mpya iliyonyoosha kila kitu, angalia kwenye fremu za madirisha na mahali dari inapokutana na ukuta. Pengo lililoziba kwa lipu mara nyingi linaonekana pale.

3. Gonga. Tumia mpini wa nyundo, gonga tofali moja moja kuzunguka tumbo. Sauti kavu na fupi ni ukuta mzima, sauti ya debe ni utupu nyuma. Weka alama ya chaki kwenye mpaka wa sauti. Mpaka huo karibu kila mara ni mpana kuliko tumbo linaloonekana.

4. Linganisha na vipimo. Tumbo lisilozidi milimita 10 ndani ya kimo cha ghorofa moja, au ukuta ulioinama usiozidi milimita 25, kwa kawaida hauhitaji tiba ya kimuundo, unahitaji kuangaliwa. Zaidi ya hapo, pata ushauri. Alama nyingine ni sehemu moja ya sita ya unene wa ukuta: ukuta wa sentimita 22, hiyo ni kama sentimita 3.7. Ukuta mzima ukihama kufikia hapo, uzito unaoshuka unaanza kutoka theluthi ya katikati na upande mmoja wa ukuta hauna tena kinachoubana. Weka egemeo siku hiyo hiyo.

5. Jua kama bado linaendelea. Tumbo lililotokea miaka mingi iliyopita na kutulia si la dharura. Bandika skrubu mbili ndogo kwa gundi kali pande mbili za ufa, pima umbali kati yake kwa kipimo cha milimita, andika tarehe, rudia kila mwezi. Joto na unyevu husogeza ukuta wowote kidogo, kwa hiyo pima saa zile zile, na kama hali inaruhusu acha misimu yote ipite kabla ya kuhukumu. Ufa unaofunguka na kufunga ni pumzi ya jengo. Ufa unaofunguka tu ndio wa kuogopa.

6. Tafuta maji. Panda juu wakati mvua inanyesha. Angalia mifereji ya paa iliyojaa majani, bomba la kushusha maji lililopasuka kwa nyuma upande usioonekana, kifuniko cha kichwa cha ukuta kilichopasuka, udongo wa bustani uliorundikwa dhidi ya matofali. Angalia pia kama kuna mtu aliwahi kujaza viungo kwa saruji. Saruji ni ngumu na haipitishi unyevu vizuri. Maji yakipenya kwenye nyufa zake nyembamba yanakwama nyuma na kuilainisha chokaa huko ndani. Tengeneza haya yote kwanza. Ukuta uliolowa unaweza kuchukua miezi kukauka, na kushona vyuma kwenye matofali yaliyoloa ni kubahatisha.

Ukiona nyufa za kulala zinazojirudia kila baada ya sentimita 45 hivi kwenda juu, huo si ukuta mnene. Ni wa safu mbili zenye nafasi katikati, na vyuma vilivyoziunganisha vimeshika kutu. Dawa yake ni kuweka vyuma vipya na kuviondoa au kuvitenga vile vya zamani, maana vikiachwa vitaendelea kuvimba.

Sehemu ya pili: kushona bila kubomoa

Njia hii ni ya safu ya nje iliyojitenga lakini matofali yake bado mazima na tumbo si kubwa. Tumbo litabaki linaonekana. Watu wengi hawalipendi hilo, lakini ukuta uliopinda ambao umeshikwa vizuri ni salama kuliko ulionyooshwa kwa ubabe.

Hapa niseme kuhusu jeki. Safu ya nje ikijitenga, vumbi na vipande vya mota huanguka kwenye ule utupu na kuujaza. Ukisukuma kutoka nje, uchafu ule unakuwa kabari: chini hakurudi, juu kunakatika. Hakuna namna ya kuurudisha ukuta wa chokaa ulioganda mahali pake bila kuvunja kila kiungo. Jeki kazi yake ni kuzuia tu.

7. Egemeza. Simamisha mbao nene wima juu ya tumbo, weka vipande laini vya mbao kati yake na matofali ili mzigo uenee, kisha jeki au mihimili ya mshazari kutoka ardhini. Kaza hadi vigusane barabara, uishie hapo.

8. Toboa. Kanuni ya kawaida ni chuma kimoja kila sentimita 90 kwa upana na kila sentimita 45 kwa kimo, mistari ikipishana kama viungo vya matofali. Kando ya madirisha, milango na kingo za tumbo, kaza iwe kila sentimita 30. Toboa kupita safu ya nje na uingie kwenye safu ya ndani angalau sentimita 7, huku tundu likielekea chini kidogo upande wa nje ili maji yasifuate chuma kuingia ndani. Zima kigongeo cha drili: matofali ya zamani ni laini na kugonga kunapasua nyuma usikokuona.

9. Safisha tundu. Puliza, sugua kwa brashi ya duara, puliza tena. Rezini iliyobandikwa kwenye vumbi imebandikwa kwenye vumbi. Hii ndiyo sababu kubwa ya vyuma kung'oka.

10. Jaribu kwanza, kisha weka vyote. Weka vyuma vitatu au vinne sehemu mbalimbali na uvivute kwa kifaa cha kupimia mvuto. Mhandisi au muuzaji wa vyuma atakupa kiwango cha kufikia. Vikishika, endelea. Rezini inajazwa kuanzia mwisho wa tundu kuja nje, usiipake mdomoni tu. Acha chuma kiishie sentimita 2 ndani ya uso na uzibe kwa mota ya chokaa iliyochanganywa na vumbi la tofali lile lile.

11. Jaza utupu. Kama nyuma kuna nafasi kubwa, mimina chokaa nyepesi kupitia matundu madogo, kuanzia chini, kimo kidogo kidogo na kusubiri ishike. Mwaga mwingi kwa mara moja una uzito wa maji na utasukuma safu ya nje, yaani utaongeza tumbo lile lile uliloitwa kulitibu.

Kwa ukuta mzima uliohama kwa sababu ghorofa haiushiki, vyuma hivi vidogo havitoshi. Kinachotakiwa ni fimbo za chuma zinazopita ukutani zikiwa na sahani nje, na ndani zikifungwa kwenye boriti. Zile sahani za duara au za umbo la X zinazoonekana kwenye majengo ya zamani kazi yake ni hiyo. Boriti zikiwa sambamba na ukuta, fungo livuke boriti tatu kwa uchache, na katikati ya boriti ziwekwe mbao za kukaza ili zisipinduke. Umbali kati ya fungo na fungo usizidi mita 2. Nati inakazwa hadi ishike, haivuti ukuta. Saizi ya fimbo na sahani ni hesabu ya mhandisi.

Sehemu ya tatu: kujenga upya kiraka

Tumbo likiwa kubwa, matofali yakiwa yamevunjika, au chuma kilichoshika kutu kikiwa nyuma yake, shusha safu ya nje na uijenge tena.

12. Beba mzigo wa juu. Kabla ya tofali la kwanza kutoka, kila kilicho juu kiwe kimeshikwa. Mihimili mifupi hupitishwa ukutani juu ya eneo la kazi, kila sentimita 90 hivi, ikisimama juu ya jeki ndani na nje. Jeki zisimame juu ya mbao ndefu zinazogawa uzito, zisiegemee sakafu ya mbao ambayo hujui chini yake kuna nini. Kama ukuta unabeba mzigo, fanya kazi kwa vipande visivyozidi mita 1 kwa upana, na usifungue vipande viwili vinavyopakana.

13. Piga picha, weka namba. Piga picha eneo lote, kisha andika namba kwa chaki nyuma ya kila tofali linapotoka. Pima kimo cha kozi nne, yaani mistari minne ya matofali, kwa pamoja. Utakihitaji ili kozi mpya zikutane na za zamani pembeni.

14. Shusha kuanzia juu. Kata viungo kwa tindo nyembamba, toa tofali moja moja kwa mkono. Endelea hadi ufike kwenye matofali yaliyoshika kweli, hata kama umevuka mpaka wa chaki. Pembeni acha meno, yaani matofali yatokeze moja na kuingia moja, ili kazi mpya isukane na ya zamani. Mota ya chokaa hutoka kwenye tofali kwa urahisi. Ukiona inang'ang'ania na kubeba ngozi ya tofali, mtu alipita hapo na saruji. Tofali lililoharibika uso mmoja ligeuze.

15. Angalia ulichofungua. Usikimbilie kujenga. Hapa ndipo chanzo kinaonekana: mbao iliyooza imeacha pango, linta ya chuma imevimba tabaka tabaka, vifusi vimeshuka. Mbao iliyooza itolewe na nafasi ijazwe matofali. Chuma kisafishwe na kupakwa kinga au kibadilishwe.

16. Changanya mota. Sehemu 1 ya chokaa inayoganda kwa maji kwa sehemu 2.5 hadi 3 za mchanga, kwa ujazo. Mifuko huandikwa NHL, kifupi cha jina la chokaa hii kwa Kiingereza, ikifuatwa na 2, 3.5 au 5, namba kubwa ikiwa na nguvu zaidi. Kwa kuta nyingi za zamani 3.5 inatosha, na kwa matofali laini sana shuka hadi 2. Pima kwa ndoo, koleo halina kipimo. Changanya ikiwa kavu, ongeza maji kidogo kidogo, iache dakika 20, ichanganye tena kabla ya kuongeza maji mengine. Mara nyingi utakuta haihitaji.

Usiongeze saruji "kuipa nguvu". Mota inatakiwa kuwa dhaifu kuliko tofali. Ukuta ukisogea, kiungo ndicho kipasuke, kwa sababu kiungo hujazwa tena na tofali halijazwi.

17. Lowesha. Chovya matofali hadi mapovu yaishe, yatoe, yaache uso ukauke kidogo. Nyunyizia pia ukuta wa nyuma na meno. Tofali kavu hunywa maji ya mota kabla haijashika.

18. Jenga na ushone. Tumia uzi, lakini uzi ufuate ukuta uliobaki. Ukuta wa pembeni ukiwa umeinama sentimita moja, kiraka kilichonyooka timazi kitaonekana kama kilema. Kila kozi ya nne weka vyuma vya kushonea kuingia safu ya ndani, na kila inapowezekana weka tofali zima kichwa nje lipite safu zote mbili, pale ambapo mzee aliyejenga aliweka nusu. Nyuma ya kila kozi jaza mota barabara, usiache utupu. Kwa siku usipandishe zaidi ya sentimita 60 hadi 90. Chokaa changa ikibeba sana hutoka kwenye viungo na ukuta huanza kutoa tumbo mbele ya macho yako.

19. Funga juu. Kozi ya mwisho, inayokutana na ukuta wa zamani, ndiyo inayobeba. Acha kazi ya chini ishuke na kukaa siku kadhaa, kisha jaza pengo kwa mota kavu iliyopondwa ndani kwa ubao mwembamba, pamoja na vipande bapa vya jiwe gumu au kigae. Ikitiwa kwa mwiko tu itanywea na kuacha ufa.

20. Acha jeki zikae. Nguvu ya chokaa hii hupimwa siku ya 28, na huendelea kuongezeka miezi mingi baadaye. Usiondoe egemeo kabla ya siku hizo bila neno la mhandisi. Legeza robo mzunguko kwa jeki, zungukia zote, subiri, rudia.

21. Jaza viungo vya jirani na utunze. Viungo vilivyooza chimba kwa kina cha mara mbili ya upana wake au zaidi. Kiungo cha milimita 10, chimba 20 hadi 25. Tumia tindo, grinda hukata kingo za matofali na alama hiyo haitoki. Safisha, lowesha, kandamiza mota kwa tabaka, na ikianza kuwa ngumu igonge kwa ncha za brashi ngumu. Funika kwa magunia yenye unyevu, na turubai juu yake, siku 7 kwa uchache. Nyunyizia kila magunia yanapokauka. Usifanye kazi hii kwenye jua kali, upepo mkavu, wala joto likiwa chini ya nyuzi 5.

Mambo yakienda mrama

*Mota inatoka kama unga ukiikwaruza.* Imekauka kabla ya kushika. Chimba sehemu hiyo, rudia, na safari hii lowesha zaidi. Kupaka kitu juu hakusaidii.

*Uso umefunikwa na weupe.* Ni chumvi inayotoka na unyevu. Ifagie kwa brashi kavu na uikusanye isianguke chini ya ukuta. Ukiiosha inarudi ndani. Ikiendelea miezi mingi bado kuna maji yanaingia. Rudi hatua ya 6.

*Ufa mwembamba kati ya kiraka na ukuta wa zamani.* Unywele mmoja ni kawaida, jaza baada ya msimu mmoja. Ukipanuka, meno hayakusukwa au msingi unashuka.

*Vyuma vinang'oka kwenye jaribio.* Kama tundu lilikuwa safi, basi safu ya ndani ni dhaifu au ina vifusi. Ingia ndani zaidi, au tumia vyuma vinavyofungwa kwenye soksi ya kitambaa inayojazwa mota na kutanuka ndani ya utupu. Vikikataa tena, kushona hakufai ukuta huo.

*Tumbo limetulia, lakini kichwa cha ukuta kinazidi kutoka.* Hiyo ni kenchi. Panda darini, tafuta mbao iliyokatwa.

*Jeki zimetoka, pengo limefunguka juu.* Rudisha jeki siku hiyo, toa mota ya kozi ya mwisho, ijaze upya kavu na kwa kupondwa. Hakuna haja ya kubomoa kiraka.

*Kiraka kina rangi tofauti.* Subiri mvua na vumbi vifanye kazi yao mwaka mmoja au miwili kabla ya kufikiria rangi. Na kama ni lazima kupaka, paka chokaa. Rangi ya plastiki itafungia unyevu ndani, na baada ya muda utakuwa umesimama tena mbele ya ukuta huo ukigonga kwa mpini wa nyundo.